Chemirocha: Mwimbaji wa Marekani aliyegeuzwa nusu mtu, nusu swala katika nchi ya majani chai

KUTOKA soko la Mogogosiek, eneo la Konoin katika Kaunti ya Bomet, abiria akipanda matatu hadi Litein kisha akaendelea na barabara ya kuelekea Sotik, atafika Kapkatet kabla hajachoka kuketi. Njia nzima ni majani chai kushoto na kulia. Wapo wapenzi wa muziki walioko Marekani na Ulaya, watu ambao hawajawahi kukanyaga ardhi ya Kenya, ambao hulitaja jina la Kapkatet kama sisi tunavyotaja jina la mtaa wa jirani. Sababu yao ni wimbo mmoja mfupi uliorekodiwa hapo mwaka wa 1950, unaoitwa Chemirocha.

Wimbo huo unaongozwa na Chemutoi Ketienya, akiitikiwa na wasichana wa Kipsigis. Chini ya sauti zao inasikika ala ya nyuzi ya Wakipsigis, ya ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Anayesifiwa ni mtu aitwaye Chemirocha. Jina hilo lina sura ya Kikalenjin kabisa. Mgeni angedhani ni la mzee fulani wa Bureti. Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa jimbo la Mississippi, ambaye wakati wasichana hao wanamwimba alikuwa amekwisha kuwa kaburini kwa miaka 17.

Namna jina lilivyogeuka si jambo la ajabu kwa anayeijua lugha. Kikalenjin hakitofautishi sauti ya "j" na ya "ch" kama vifanyavyo Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo Jimmie akawa Chemi. Rodgers nalo, likitamkwa kwa kinywa cha Mwingereza asiyesisitiza "r" ya mwisho, likawa Rocha. Na kwa kuwa majina ya Kikalenjin yanayoanza na Che ni mengi, jina jipya lilijikalia mahali pake bila kusukumwa.

Huyo Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Alifanya kazi katika reli akishughulikia breki za treni, na baadaye mashabiki wakampa lakabu ya mtu wa breki aimbaye. Mwaka wa 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, maradhi yaliyomfanya aiache reli na kutafuta riziki kwa gitaa. Mnamo Agosti 1927, katika mji wa Bristol, alirekodiwa kwa mara ya kwanza na Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Katika miaka sita iliyofuata alirekodi nyimbo zaidi ya mia moja. Nyuma ya gitaa lake aliandikisha neno la shukrani, nalo aliligeuza kuelekea kwa watazamaji kila walipopiga makofi. Alipokwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho, Mei 1933, alikuwa dhaifu kiasi cha kuwekewa kitanda studioni apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alifariki dunia hotelini tarehe 26 ya mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 35.

Ingawa huitwa baba wa muziki wa kantri, watu wa roki nao humhesabu kuwa wao. Jumba la heshima la roki nchini Marekani lilimwingiza mwaka wa 1986 miongoni mwa waliotangulia na kuufungulia njia muziki huo. Mwaka wa 1997 Bob Dylan aliwakusanya waimbaji kadhaa, akiwemo Bono wa kundi la U2, wakarekodi albamu nzima ya nyimbo za marehemu.

Kilichomvusha bahari ni santuri. Mashine ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme, na sahani yake ilibeba wimbo wa dakika tatu hivi kila upande. Simulizi inayorudiwa mara nyingi ni kwamba wamishonari na walowezi wa Kiingereza ndio walioleta sahani za Rodgers huku. Hilo halina ugumu wa kuaminika. Kericho ilikuwa imejaa Waingereza tangu miaka ya 1920, kampuni za majani chai zilipoanza kufyeka misitu na kupanda. Wakati huo Konoin, Bureti na Sotik zote zilikuwa ndani ya wilaya moja ya Kericho. Bomet ilitengwa baadaye, mwaka wa 1992. Wala Wakipsigis hawakuwa peke yao kuvutwa na mtindo huo. Huko Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, waimbaji kama William Mseleku walikuwa tayari wanarekodi nyimbo za Kizulu zenye yodeli, yaani ule uimbaji ambao sauti huvunjika ghafla kutoka kifuani na kurukia juu, kisha ikashuka tena.

Hapo ndipo uvumi ulipopata mlango. Msikilizaji wa Kapkatet hakuwa na picha ya mwimbaji, hakuwa na gazeti la kumsimulia habari zake, wala hakuelewa maneno aliyoyaimba. Alikuwa na sauti peke yake, inatoka ndani ya sanduku, na sauti yenyewe haikai mahali pamoja. Pasipo habari, watu hujaza pengo kwa kile walicho nacho. Ikasemekana Chemirocha si mtu kamili. Ni mtu nusu, na nusu nyingine ni swala.

Kwa maoni yangu, picha hiyo haikuokotwa hewani. Koo za Wakipsigis zina wanyama wao, na kumhusisha mtu na mnyama ni usemi wa kila siku, si uchawi. Tena sauti irukayo inahitaji mwili urukao. Mwenye kuwahi kumwona swala akiruka ua wa shamba hatauliza kwa nini hakuchaguliwa ng'ombe.

Mwingereza Hugh Tracey ndiye aliyezinasa nyimbo hizo. Alizaliwa mwaka wa 1903, akahamia kusini mwa Afrika akiwa kijana, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake akizunguka bara hili na gari lililobeba mitambo ya kurekodi. Mwaka wa 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ijulikanayo kwa kifupi kama ILAM, ambayo baada ya kifo chake mwaka wa 1977 ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao leo unaitwa Makhanda. Katika ziara yake ya 1950 alirekodi nyimbo tatu tofauti zenye jina la Chemirocha. Ule wa tatu, wa Ketienya na wenzake, ndio uliopata umaarufu. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana wanamwalika Chemirocha aje acheze nao, acheze kwa nguvu hadi nguo zimtoke mwilini.

Msomaji aliyekulia kijijini anajua maneno ya namna hiyo ni ya aina gani. Ni mzaha wa wasichana. Wanamchokoza mwanamume asiyekuwapo, ambaye hawezi kuja wala kujibu, na ndiyo maana wanathubutu.

Lakini maelezo hayo yalipofika ng'ambo yalivaa joho jingine. Kwa mashabiki wa Rodgers, uvumi wa pili ulizaliwa: kwamba liko kabila Afrika Mashariki linalomwabudu nyota wao kama mungu. Habari hiyo imesimuliwa na kusimuliwa tena, kila msimulizi akiongeza chumvi, hadi wasichana wenye mzaha wakawa waumini waliopiga magoti mbele ya santuri. Mungu gani huyo anayeambiwa acheze mpaka suruali imdondoke? Anayeabudu hamtanii anayemwabudu hivyo, hasa mbele ya mgeni mwenye kipaza sauti.

Tukiziweka mbili hizo bega kwa bega, tutaona kwamba uvumi wa Kapkatet ulikuwa na udhuru kuliko ule wa ng'ambo. Wakipsigis hawakuwa na njia ya kumjua Rodgers. Wapenzi wa Rodgers walikuwa na maandishi ya Tracey mikononi, walikuwa na tafsiri, na baadaye walikuwa na ndege na simu. Hata hivyo walipendelea kusadiki, kwa sababu kisa cha Waafrika wanaoabudu santuri kinapendeza kukisimulia kuliko kisa cha wasichana wanaocheka.

Uvumi wa namna hii haujaisha. Jim Reeves, kipenzi cha wasikilizaji wa redio nchini kwa miaka mingi, alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, lakini kampuni yake iliendelea kutoa albamu zake mpya kwa miaka mingi. Sauti inayotoa nyimbo mpya ni vigumu kuisadiki kuwa ya maiti. Shabiki wa leo ana picha na video tele, na bado husikia kwamba fulani amekufa angali hai, au yu hai ilhali amezikwa.

Jambo lisilo la mzaha ni lile la haki. Sauti za Kapkatet zilisafiri hadi Afrika Kusini, zikatolewa katika sahani za Tracey, na baadaye zikachapishwa upya katika santuri za kisasa na kusikilizwa duniani kote, huku waimbaji wenyewe wakizeeka bila kusikia walichokiimba. Ni mwaka wa 2014 tu ambapo ILAM, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi linaloongozwa na Tabu Osusa, ilirudi Kapkatet na nakala za rekodi hizo ili kuwakabidhi wenyewe na jamaa zao. Baadhi ya waliorekodiwa wangali vijana walipatikana wakiwa wazee. Mwaka uliofuata redio ya NPR ya Marekani ilikitangaza kisa hicho, na kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi wa huko walisikia Wakipsigis wakijieleza kwa vinywa vyao.

Kurudisha nakala ni jambo jema, ila si sawa na kurudisha mali. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, ulinzi wa sauti iliyorekodiwa hudumu miaka 50 tangu kumalizika kwa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, rekodi ya 1950 ilifikia ukomo mwishoni mwa mwaka wa 2000. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, iliyopitishwa mwaka wa 2016, ilifungua mlango mwingine: inaitambua jamii nzima kuwa mwenye mali, na inamtaka mtu wa nje aombe idhini ya jamii hiyo kabla ya kuitumia sanaa yake kibiashara.

Je, Chemirocha utahesabiwa kuwa sanaa ya jadi? Mwanasheria mkaidi anaweza kusema kwamba wimbo unaomtaja Mmarekani wa miaka ya 1920 hauwezi kuwa wa jadi. Atakuwa amekosea. Kutoka kwa Rodgers wasichana hao walichukua jina, tena jina lenyewe wakaligeuza hata mamake asingelitambua. Ala ni ya Wakipsigis, lugha ni yao, mzaha ni wao, na swala pia ni wao.