Kuta za Kilwa na Mikono Iliyozijenga

Wako watu wadhanio ya kuwa kwenda kutazama magofu ni kazi ya watalii wenye kofia pana na fedha za kigeni, na kwamba mfanyakazi apatapo siku mbili za mapumziko heri alale. Sisi hatukubaliani nao. Tulijikusanya watu watatu wa gazeti hili, tukachanga nauli, tukamwajiri kiongozi wetu wenyewe na chombo chetu wenyewe, tukaenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Hatukutaka kufuatana na kundi kubwa, maana katika kundi mtu huswagwa kama mbuzi: simama hapa, tazama pale, haya twende. Sisi tulitaka kusimama tupendapo na kuuliza tupendavyo.

Wa nne wetu alikuwa fundi mwashi mstaafu, msomaji wetu wa miaka mingi, ambaye alikwisha kutuandikia barua ya kutulaumu. Alisema kila tuandikapo habari za Kilwa twawataja masultani peke yao, kana kwamba masultani ndio waliochanganya chokaa. Lawama ile ilituuma kwa sababu ilikuwa kweli. Tukamjibu: Mzee, twende, utuonyeshe.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimuliwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kilometa 300 hivi, na tangu daraja la Rufiji lifunguliwe mwaka 2003 msafiri hangoji tena kivuko ukingoni siku nzima. Tulilala Masoko, tukachukua kibali, na asubuhi tukavuka kwa jahazi ule mkono mwembamba wa bahari. Tulimkuta kiongozi wetu pwani, kijana mzaliwa wa kisiwa, msafi wa mavazi na wa lugha. Alimwamkia Fundi shikamoo, kisha akaanza.

Alianza kama waanzavyo viongozi wote wa Kilwa, kwa kisa cha Ali bin Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz, aliyekuja na merikebu yake akakinunua kisiwa kwa nguo. Nguo hiyo, husimuliwa, ilitosha kukizunguka kisiwa chote. Mwenye kisiwa aliipokea akahamia bara, naye Mshirazi akaufukua mlango wa maji ili mwenyeji asiweze kurudi kwa miguu. Ni kisa kizuri, na kijana alikisimulia vizuri. Kimo katika tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, na Mreno João de Barros alichapisha habari zinazofanana nacho mwaka 1552.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Na kabla ya nguo hiyo, mwanangu, hapa palikuwa na nini?”

“Wenyeji walikuwapo, Mzee.”

“Wakifanya nini?”

Kijana alinyamaza. Hatumlaumu hata kidogo. Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi katika shule ya misheni, tulikuta kabatini kitabu kikuukuu kilichotufundisha kwamba miji ya mawe ya pwani ililetwa na wageni, tayari imekwisha kuiva, na kwamba Mwafrika kazi yake ilikuwa kubeba. Tulikisoma, tukakijibia mtihani, tukapata alama nzuri. Mambo yaingiayo kichwani kwa njia hiyo hayatoki upesi.

Ardhi ya Kilwa ina jibu lake. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alichimba kisiwani hapo, na alipofika chini ya mawe alikuta mji mwingine wa kale zaidi, wa nyumba za miti na udongo. Watu wake walivua samaki, walifua chuma, walifinyanga vyungu vya namna ijulikanayo pwani nzima, na walitengeneza shanga kwa makombe ya bahari. Yaani mji ulikuwapo kabla ya mawe, nao ulikuwa na mafundi. Mawe yalikuja baadaye, juu ya mji wenye watu wake.

Je, basi Mshirazi ni uongo? Hapo ndipo wengi wetu, kwa hasira za kupinga kitabu cha mkoloni, tulipopita mpaka upande wa pili. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nasaba katika mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Waliona kwamba tangu yapata mwaka 1000 damu mbili zilichanganyika. Upande wa baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Upande wa mama karibu wote walikuwa Waafrika. Tarikh, basi, haikusema uongo ilipowataja wababa. Ila iliwaacha mama, na lugha ya mji ikabaki ya mama hao, ndiyo hii tuandikayo.

Tulipomweleza Fundi hayo alicheka, akasema ni kama majengo: jiwe la msingi huandikwa jina la mgeni wa heshima.

Tukaingia Msikiti Mkuu. Hapo uongozi wa safari ulihama bila mtu kuutangaza. Kijana alinyamaza na Fundi akashika usukani. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akagonga kwa kidole, akatuonyesha kwamba mawe ni ya namna mbili. Jiwe la ukutani ni tumbawe gumu la nchi kavu, lililopasuliwa na kupangwa ndani ya chokaa. Jiwe la mihrabu na la miimo ya milango ni tumbawe laini litokalo baharini, ambalo sharti lichongwe lingali bichi, kwa kuwa likisha kukauka hugeuka gumu. “Huyu alichonga kwa haraka,” akasema mbele ya mwimo mmoja, “lakini mkono wake haukutetemeka.”

Kisha akatueleza chokaa, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, maana tuliona kwamba bila chokaa hapana Kilwa. Magogo hupangwa duara, moja juu ya jingine, na juu yake humwagwa matumbawe. Tanuu hilo huwashwa moto, likawaka usiku kucha. Kinachobaki hukusanywa, huachwa kinyeshewe na mvua miezi mingi mpaka kipoe na kulainika, ndipo kitumike. Kila ukuta, basi, ulikula msitu kabla haujasimama. Nani alikata magogo hayo? Nani aliyavusha kutoka bara? Nani alikesha na moto? Tarikh yataja ni sultani gani aliyejenga msikiti na ni yupi aliyeujenga upya ulipoanguka. Juu ya wakesha moto haina neno.

Sehemu ya kaskazini ya msikiti ndiyo ya kale, nayo ilikuwa na nguzo za mti. Upande mkubwa wa kusini, wenye makuba, uliongezwa katika karne ya 14, na nguzo zake za kwanza zilikuwa za tumbawe la kipande kimoja kimoja. Baadaye zilibadilishwa kwa nguzo za mawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Fundi alizitazama muda mrefu. Alisema aliyefanya kazi ile ya pili alikuwa hodari kuliko wa kwanza, kwa sababu kujenga juu ya kosa la mwenzio ni kazi ngumu kuliko kuanza kiwanjani. Sisi si waashi, lakini tuliiandika.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu hadi Husuni Kubwa, juu ya mwamba uelekeao bahari. Ni jumba la vyumba zaidi ya 100, lenye birika la kuogea la pembe nane na ngazi zishukazo hadi majini. Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Msafiri huyo aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akamsifu sultani kwa ukarimu, hata akaitwa Baba wa Zawadi. Viongozi wa watalii huipenda sana sifa hiyo. Hawapendi kuendelea mbele kidogo, ambapo Ibn Battuta huyo huyo asema kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulio katika nchi za bara na kurudi na ngawira. Sisi twaona zawadi na ngawira zapaswa kusimuliwa kwa pumzi moja.

Utajiri mwingine ulikuwa dhahabu ya Sofala, iliyotoka katika nyanda za Zimbabwe na kupita mikononi mwa Kilwa. Sarafu ya shaba ya sultani huyo iliokotwa Great Zimbabwe, nazo sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, Australia ya kaskazini, jambo ambalo hadi leo lawakunisha wataalamu vichwa. Lakini jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu, na sehemu zake hazikumalizika. Fundi alisimama katika chumba kimoja akakipima kwa mikono yake, akasema: “Sultani au si sultani, boriti ni ile ile.” Alikuwa na haki. Boriti ya mkoko hubeba dari ya upana wa mita mbili na nusu, au tatu hivi; kwa hiyo mwenye mali na asiye na mali wote walilala katika vyumba vyembamba, tofauti ikawa idadi yake na urefu wake.

Habari za Wareno tulizipitia upesi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha. Gereza lisimamalo leo pwani huonyeshwa mara nyingi kama kazi ya Mreno, lakini sehemu kubwa yake ni ya wakati wa Waomani, yapata mwaka 1800.

Ila palikuwa na mahali ambapo kijana wetu naye alitaka kupita upesi, nasi tukakataa. Napo ni Makutani, kasri yenye kuta ndefu zilizozunguka kiwanja. Jengo hilo lilipanuliwa katika karne ya 18, na mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Kuta hizi basi zilisimama katika siku ambazo bidhaa ya mji ilikuwa watu. Kijana alisema wageni hawapendi kusikia hayo wakiwa mapumzikoni. Fundi akamjibu kwa upole: “Mwanangu, waliotiwa kamba nao hawakupenda.” Tulikaa kimya hapo kwa kitambo, kila mtu akitazama upande wake.

Siku ya pili tulikwenda Songo Mnara, kusini, katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yametoka, tukashuka tukatembea topeni na viatu mkononi, mhariri wenu akianguka mara moja. Huo ndio mji wenye ukuta hasa, wa karne ya 14 na ya 15, na hauna nyumba zilizojengwa juu yake baadaye, hata mtu huweza kuingia mlango, kupita ua wenye ngazi, kukaa barazani na kuona vidaka ukutani kana kwamba wenyewe wametoka jana. Majumba makubwa ya mawe yanakaribia 40, na misikiti kadhaa. Ukuta wa mji umebomoka sehemu nyingi, lakini mkondo wake waonekana.

Wachimbaji walioanza kazi yao hapo mwaka 2009, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, hawakutosheka na majumba ya mawe. Walichimba mahali palipoonekana patupu, ndani ya ukuta ule ule, wakakuta nyumba za udongo. Zaidi ya hayo, mjini humo zimepatikana vibao vidogo vya duara, vya udongo, vilivyotumika katika kusokota nyuzi za pamba. Fundi alitaka kuonyeshwa zilipokuwa nyumba hizo za udongo. Kijana alitupeleka, palikuwa na majani tu. Mzee akavua kofia.

Ama kuhusu hali ya magofu, mji huu na Kilwa Kisiwani viliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, vikatiwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa ajili ya bahari kula pwani na kuta kuanguka, vikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzitengeneza. Kazi hiyo ilihitaji chokaa ya kale, si saruji, kwa kuwa saruji huwa ngumu mno ikalipasua tumbawe. Fundi alituonyesha viraka vipya, akaridhika navyo, isipokuwa kimoja ambacho alikinunia bila kusema.

Kijana alimwuliza Fundi, wakirudi pwani, magogo hupangwaje hata tanuu lisizimike katikati. Mzee akachuchumaa mchangani, akakusanya vijiti, akaanza kumpangia. Nahodha aliita mara ya kwanza, kisha ya pili. Maji yalikuwa yanajaa. Kijana akamwashiria kwa mkono angoje.