Mbu wa Dengfeng na Harufu ya Mwanadamu

Katika mtaa wa Dengfeng, uliomo wilaya ya Yuexiu katika mji wa Guangzhou, ambako wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, Lubumbashi na miji mingine mingi ya Afrika wamekuwa wakifikia kwa miaka mingi kununua nguo, simu, vipuri na vifaa vya ujenzi, majumba ya vichochoroni yamesongamana hata jirani na jirani huweza kupeana mikono madirishani. Mvua za huko huanza Aprili zikaendelea hata Septemba. Na zinapokatika, maji ya viyoyozi yanadondoka bado. Katika visahani vya maua, katika ndoo zilizosahauliwa nyuma ya mikahawa, na katika bilauri za mianzi ya bahati zilizopangwa juu ya kaunta za maduka, hubaki maji machache yaliyotulia, ambayo binadamu hayahesabu kuwa kitu, lakini ndiyo mazalio na malezi ya mbu ambaye aghalabu mgeni wetu hakumzoea.

Mbu huyo ni mweusi, ana pete nyeupe miguuni, na mstari mmoja mweupe umepita katikati ya mgongo wake. Wataalamu humwita Aedes albopictus. Yeye hangoji giza kama mbu wa malaria. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya magharibi, wakati ambapo chandarua kimekwisha kukunjwa na mwenye kukilalia ametoka kutafuta riziki yake, amesimama kwenye ngazi za jumba la Tianxiu akipatana bei, au ameketi mkahawani Xiaobei akingoja chakula, na vifundo vya miguu yake vi wazi.

Madhara yake si kuwashwa peke yake. Mwaka 2014 jimbo la Guangdong lilipatwa na homa ya dengi, ambayo kwetu wengine huiita kidingapopo, na waliougua walipita 45,000, wengi wao wakiwa wakazi wa Guangzhou. Mwaka huohuo homa hiyohiyo ilienea Dar es Salaam, ikichukuliwa na ndugu wa mbu huyu, Aedes aegypti. Kisha katika majira ya joto ya mwaka 2025 ukazuka ugonjwa wa chikungunya Foshan, mji unaopakana na Guangzhou, na mwanzoni mwa Agosti walikuwa wamekwisha kuhesabiwa wagonjwa zaidi ya 7,000. Maradhi hayo yalitambuliwa kwanza na matabibu katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, katika miaka ya 1952 na 1953. Basi msomaji asidhani kwamba habari ya mbu wa Guangzhou ni habari ya ugenini.

Wengi husema kwamba mbu hupenda damu tamu. Lakini damu imesitiriwa chini ya ngozi, na mbu aliye mbali hana njia ya kuionja. Kinachomwongoza ni kile kitokacho mwilini kikaenda na upepo. Naye anayetutafuta ni jike tu, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yapevuke. Dume huishi kwa maji matamu ya maua, na jike naye huyanywa hayohayo siku ambazo hana haja ya kutaga.

Mbu hana pua. Mbele ya kichwa chake vimechomoza vipapasio viwili vyenye vinywele vingi, na katika vinywele hivyo mna vitundu vidogo mno vinavyoipitisha riha hata ikafika kwenye mishipa ya fahamu. Kando ya mrija wa kunyonyea viko vipapasio vingine viwili, vifupi, ambavyo kazi yao kubwa ni kuitambua hewa ukaa, ile tuitoayo kila tunapopumua. Pumzi ya mwanadamu ina hewa hiyo karibu mara mia zaidi ya iliyomo katika hewa ya nje, na haitoki ikatawanyika sawasawa, bali huenda na upepo kwa vipande vipande, kama moshi wa udi uliokatwakatwa na upepo wa dirishani. Mbu aliyetulia gizani chini ya ngazi, pumzi hiyo ikimgusa, huinuka. Akikipata kipande cha riha huruka mbele kuuelekea upepo. Akikipoteza huenda upande kwa upande akiukata upepo mpaka akipate tena. Na kwa kufuata mwendo huo hufika alipo mtu bila ya kumwona tangu mwanzo.

Tena pumzi haimleti tu, humwamsha. Akisha kuipata, macho yake huvielekea zaidi vitu vyenye rangi nzito, na hisi zake huwa kali zaidi kwa harufu ya ngozi. Hapo ndipo zinapoingia asidi ya jasho iitwayo asidi ya laktiki, ambayo mwaka 1968 wataalamu wa Marekani walithibitisha kuwa humvuta mbu, na amonia, na asidi nyingine zitokanazo na mafuta ya ngozi baada ya kufanyiwa kazi na bakteria waishio juu yake. Akikaribia zaidi hulihisi joto la mwili na unyevu wake, kisha hutua. Hakuna harufu moja iliyo ufunguo wa mambo yote haya. Mwaka 2013 ilichapishwa habari ya watafiti walioiharibu jeni moja ya Aedes aegypti, iitwayo Orco, ambayo sehemu kubwa ya kunusa kwake inaitegemea. Mbu wale wakawa hawawezi tena kumpambanua vizuri mtu na mnyama, lakini hewa ukaa ilipokuwapo waliendelea kumwendea mtu. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine u wazi.

Katika pwani yetu wenyewe limepatikana jambo la ajabu zaidi. Rabai, nyuma ya Mombasa, wataalamu walikuta Aedes aegypti wa namna mbili wakiishi karibu karibu: mmoja mweusi, wa msituni, apendaye damu ya wanyama, wa pili wa rangi ya kahawia, aingiaye nyumbani, azaliaye katika mitungi ya maji, apendaye damu ya watu. Mtafiti Carolyn McBride na wenzake waliwazalisha pamoja, wakachunguza vizazi vyao, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba yule wa nyumbani ana kipokea harufu kimoja chenye nguvu zaidi, kinachoitambua sulkatoni, ambayo ni nyingi katika harufu ya mwanadamu. Yaani mbu yule alijifunza kutupenda, kwa maana ya kwamba kizazi baada ya kizazi waliotufuata ndio waliosalia. Tulihifadhi maji nyumbani kwa miezi ya kiangazi, naye akahamia kwetu.

Je, mbona katika watu wawili waliokaa meza moja, mmoja huumwa mno na mwenziwe husalimika? Hapo pia ngozi ndiyo shahidi. Katika chuo kikuu cha Rockefeller, mjini New York, watu walivaa soksi za nailoni mikononi kwa saa kadhaa, na soksi zile zikawekwa mbele ya mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba aliyependwa kuliko wote aliwavuta mbu zaidi ya mara mia kuliko aliyependwa kidogo kuliko wote, na kwamba waliopendwa mno walikuwa na asidi nyingi zaidi za mafuta ya ngozi. Hali hiyo ilidumu nao kwa miaka.

Lakini katika yote niliyoyasoma juu ya jambo hili, hakuna lililonishughulisha kuliko utafiti wa wataalamu wa Kichina wa chuo kikuu cha Tsinghua, uliotolewa mwaka huohuo wa 2022. Waligundua kwamba kirusi cha dengi, kikisha kuingia mwilini, hudhoofisha kinga fulani ya ngozi iliyokuwa ikiwazuia bakteria wasizidi. Bakteria wale huongezeka, na harufu yao iitwayo asetofenoni huongezeka pamoja nao. Na harufu hiyo mbu huipenda mno. Waliyaona hayo kwa panya, kisha wakaona kwamba ngozi ya wagonjwa wa dengi hutoa harufu hiyo kwa wingi kuliko ya watu wenye afya. Maana yake ni nzito: mgonjwa huwaita mbu kwa nguvu zaidi katika siku zilezile ambazo damu yake imejaa maradhi.

Wazee wetu walikuwa wakichoma kivumbasi jioni, na Wachina katika mwezi wa tano wa kalenda yao hutundika majani ya mmea uitwao ai milangoni, mengine wakayachoma ili moshi wake ufukuze wadudu. Si upuuzi, moshi na harufu kali humvuruga mbu. Walakini moshi huenda na upepo, na dawa ya kujipaka, kama ile DEET iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1946, huisha nguvu baada ya saa kadhaa, kwa hiyo yampasa mtu aipake tena.

Wengine wameigeuza harufu iwe mtego. Katika mji wa Ifakara, mtafiti Fredros Okumu na wenzake walitengeneza mchanganyiko wa harufu ambao, ulipowekwa kibanda kimoja na mtu akawekwa kibanda kingine, uliwavuta mbu mara tatu hata tano zaidi ya mtu. Lakini vilipowekwa pamoja ndani ya kibanda kimoja, ushindi huo haukuwapo tena. Katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya ziwa Viktoria, mitego ya harufu iliyoendeshwa kwa umeme wa jua iliwekwa majumbani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba katika nyumba zilizokwisha kupata mitego malaria ilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 30. Hiyo ni faida kubwa, na nchi zetu zingefanya vyema kuigharimia.

Kwa hiyo, ndugu uliyeko Dengfeng, mwaga maji ya kisahani chako kila juma, ubadilishe na ya mianzi ya dukani, na ujipake dawa asubuhi kabla ya kutoka, si usiku tu. Na ukirudi nyumbani, ikakushika homa ndani ya majuma mawili tangu uliposhuka ndegeni, usiseme ni malaria ukanunua vidonge ukanyamaza. Mwambie tabibu ulikotoka. Kisha ulale ndani ya chandarua mchana na usiku mpaka homa itoke, maana mbu wa mtaani kwako wanakunusa, na wakisha kukuuma watakwenda kwa wanao na kwa jirani zako.