Staring Yuko Wapi?

Leo tuache kidogo stori za bei ya dagaa, tupige za muvi.

Kibanda umiza cha huku kwetu Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kina katiba yake ambayo haijawahi kuandikwa popote: muvi iwe na staring, iwe na adui, na staring hafi. Ukileta kazi isiyo na hayo mambo matatu, jiandae kurudisha jero za watu. Sasa juzi kati mchizi wangu mmoja kaja na flashi, katangaza ana muvi ya Wahindi. Benchi zikajaa fasta. Watu walishajipanga kuona nyimbo sita, mvua, na jamaa anayerusha ngumi moja wanalala watu wanane.

Wapi! Ilikuwa Skater Girl, ile ya Manjari Makijany iliyotoka Netflix Juni 2021. Binti wa kijijini Rajasthan, anaitwa Prerna, shule inamsumbua, kwao njaa njaa, mara anaonja skeitibodi na dunia yake inageuka. Hakuna bunduki. Hakuna mtu anayepaa. Dakika ya ishirini mabaharia wa benchi la nyuma wakaanza: "Oya, staring yuko wapi?"

Ila madogo wa mbele, wale wanaokaa chini kwenye vumbi, walikuwa kimya kabisa. Walishaona kitu chao. Kule kijijini kwa Prerna kuna kigari cha kuungaunga kama kile wanachopanda wao kila siku. We umekulia Ikola hujui kibao cha beringi? Unaokota kipande cha ubao wa mtumbwi uliokufa, unaenda kwa fundi bodaboda unamlilia beringi mbovu, unachonga mti wa ekseli, unagonga misumari, basi. Mmoja anakaa, mmoja anasukuma, na popote penye zege unasikia ule mlio wa chuma unaowatoa bimkubwa wa watu ndani na ufagio mkononi. Sisi lami yetu ni ile stori ya barabara ya Kagwira mpaka Karema tunayoisikia kitambo, kwa hiyo zege la baraza la duka ndo uwanja wetu wa taifa.

Muvi ikafika patamu. Dingi yake Prerna kashapanga ndoa, na siku ya harusi ndo siku ya mashindano. Binti anachomoka. Mademu wote kibandani wakapiga vigelegele. Mzee mmoja mlangoni kanuna: huyo mtoto kamdhalilisha baba yake mbele ya ukoo. Mama mmoja muuza dagaa yeye hakuwa upande wowote, alitaka kujua jambo moja tu: mahari ilikuwa imeshaliwa au bado? Maana kesi iko hapo. Kibanda kikagawanyika kinoma, na ubishi ukahamia kijiweni mpaka taa za mitumbwi zikaanza kuwaka ziwani.

Msidhani ni ushamba wetu. Hata kule mbele watu waligawanyika hivyo hivyo. Wapo walioipa maua kwa kumpa binti wa kijijini nafasi. Wengine wakasema ni stori ile ile ya mgeni anayetoka London kuja kuwaokoa wanakijiji. Kukawa pia na msuguano kuhusu Asha Gond, binti wa kijiji cha Janwaar aliyeiwakilisha India kwenye skeiti kule China 2018: je, maisha yake ndiyo yamechotwa? Watengenezaji wakakana, wakasema hiyo si stori yake.

Na mama wa ugomvi wote huu ni muvi ya zamani zaidi. Mwaka 1995 Larry Clark, mpiga picha aliyeshavuka hamsini, alitua Cannes na kitu kinaitwa Kids. Aliwakuta madogo wa skeiti pale Washington Square Park, New York, akampa kazi ya kuandika Harmony Korine, dogo wa miaka 19 aliyekuwa anazurura nao. Karibu waigizaji wote walitolewa mtaani. Muvi ni siku moja tu: bangi, ngumi, mademu, na binti aliyegundua ana VVU anamtafuta mjini kote yule msela aliyemwambukiza. Hiyo ni ya watu wazima, dogo ukiikuta kwenye flashi pita kushoto.

Weee, ilikuwa noma. Marekani wakaibandika daraja la juu kabisa la watu wazima, NC-17. Miramax, kampuni iliyotaka kuisambaza, ilikuwa chini ya Disney, na Disney hawakutaka kuisikia, ikabidi ndugu wa Weinstein waliokuwa wanaiendesha Miramax wafungue kampuni nyingine pembeni ili iingie sinema. Wachambuzi nao wakapigana vikumbo. Kundi moja likasema mzazi asipoiona hii amelala usingizi. La pili likasema huyu ni mtu mzima na kamera yake anachungulia watoto. Kwa bajeti ya dola milioni 1.5, muvi ikavuna zaidi ya milioni 7 Marekani peke yake. Ugomvi unauza, wanangu.

Sasa mi hapo ndo nina neno. Anayesifia anazungumzia alichojifunza. Anayeponda anazungumzia alichokereka nacho. Dogo aliyesimama mbele ya kamera haulizwi na mtu. Leo Fitzpatrick, aliyeigiza yule msela mbaya, alichukiwa mtaani kana kwamba ndo yeye mwenyewe. Justin Pierce, aliyeigiza naye, alijiua mwaka 2000. Harold Hunter, mwenzao mwingine, akafariki 2006. Chloë Sevigny na Rosario Dawson walitoboa, wakawa mastaa wakubwa. Wengine wakarudi kwenye ubao wao na mtaa wao. Ilibidi mpaka 2021 ndo itoke dokumentari ya Eddie Martin, We Were Once Kids, ambamo Hamilton Harris, mmoja wa wale wana, anaeleza upande wao: walivyotumika, wakalambishwa kiduchu, na mtaa wao ukachorwa vibaya kuliko ulivyokuwa. Miaka 26 baadaye!

Rudi kwa Prerna. Muvi unaweza kuiponda mpaka kesho, lakini pale Khempur, kijiji ilikopigwa, walimwaga zege la uwanja wa skeiti kwa ajili ya kazi hiyo, na kamera zilipoondoka uwanja ukaachiwa madogo. Hiyo naielewa. Na wala si lazima usubiri muvi: Kitintale, Kampala, wana wenyewe walijichanganyia saruji wakajenga uwanja wao katikati ya miaka ya 2000. Kangemi, Nairobi, ukaja wa Shangilia 2013. Na Olimpiki ya Tokyo ilipofika, dhahabu ya kwanza ya wanawake kwenye skeiti ya mtaani ikabebwa na Momiji Nishiya wa Japani, binti wa miaka 13. Kwa hiyo mwana akikwambia huo ni mchezo wa wahuni, mpotezee.

Najua mtasema haya yanatuhusu nini sisi wa ziwani. Yanatuhusu sana. Ikola ni pazuri kwenye kamera: ziwa, milima ya Kongo ng'ambo, madogo wanapiga mbizi kutoka kwenye mitumbwi. Mtu atakuja tu. Na kumbukeni ziwa lilipofungwa kwa uvuvi 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, mabaharia walivyokaa miezi mitatu mifuko imetoboka. Angekuja mtu na kamera kipindi kile, angetupata kwa bei ya soda na tungemshukuru.

Kwa hiyo akija, mkirimuni, mpeni migebuka ale ashibe, halafu mkae kitako. Nani ameandikwa kwenye karatasi? Dogo mzazi wake yupo mezani? Muvi ikiuza, mtaa unabaki na nini, zege au picha za kumbukumbu? Tukishaelewana hapo, ndo turudi kibandani tubishane kama muvi ni kali au magumashi.