Beatrice Chepkoech: Dem wa Konoin aliyepitiliza maji London, kisha akavunja rekodi ya dunia

Ukitoka Litein ukavuka kuingia Bomet, unapata Konoin, majani chai kila mahali. Beatrice Chepkoech alizaliwa huko 1991.

Mbio zake ni noma: mita 3,000, viunzi 28, na maji mara 7. Sasa cheki hii. Shimo la maji haliko kwenye njia ya kawaida, lina kona yake. Usipokata hiyo kona, ushapita.

Rio 2016 alimaliza namba nne, medali ikamponyoka. London 2017, fainali ya dunia, mzunguko wa kwanza tu, akapitiliza maji kama hayapo! Na sheria haina huruma: ukiacha kiunzi kimoja, unatolewa. Ikabidi ageuke, arudi, aruke, na wenzake washatoka mbio. Aliwafukuza mpaka akashika namba nne. Tena.

Video ya hiyo kitu ilizunguka dunia. Wengi wetu tungeingia mitini.

Yeye hakuingia. Aprili 2018 alibeba fedha ya mita 1,500 kwa Jumuiya ya Madola, Gold Coast. Tarehe 20 Julai, Monaco, akamaliza viunzi na dakika 8:44.32. Rekodi ya Ruth Jebet ilikuwa 8:52.78. Piga hesabu: kwa hiyo spidi, angemwacha Jebet karibu mita 50!

2019 akabeba dhahabu ya dunia Doha.

Wewe msee, pale London ungerudi kuruka ama ungetoka uwanjani?