Katika Picha Hii, Adui ni Nani?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nilikumbushwa neno hilo Jumamosi moja ya likizo ya Agosti. Tulikuwa tumekaa Mama Ngina, mimi na wenzangu wawili, tukila mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu huku tukizitazama meli zikiingia Kilindini. Tulibishana hadi mihogo ikapoa. Swali lilikuwa moja tu: katika picha ya Fatal Attraction, adui ni nani?

Picha hiyo ni ya mwaka 1987, na iliongozwa na Mwingereza Adrian Lyne. (Walimu wetu, msinikemee! Ni picha ya watu wazima, lakini niliiona kwa shangazi yangu huko Kuze, naye ndiye aliyeshika rimoti. Pasipofaa alipapitisha mbio.) Dan, wakili wa New York aliyeigizwa na Michael Douglas, ana mke aitwaye Beth na binti mdogo. Mke anaposafiri mwishoni mwa juma, Dan analala nje na Alex, aliyeigizwa na Glenn Close. Kwa Dan mambo yamekwisha. Kwa Alex ndiyo kwanza yanaanza. Anapiga simu usiku wa manane, anamwagia gari lake tindikali, na hata sungura wa mtoto anamchemsha sufuriani.

Wenzangu wakasema, "We acha! Adui si ni yule mwanamke? Hukumwona na kisu?"

Nikawajibu kwamba picha za aina hii haziendeshwi na kisu. Zinaendeshwa na siri. Sisi watazamaji tunajua, Beth hajui. Simu ikilia nyumbani, kwa Beth ni simu tu. Kwetu ni radi. Siku moja Dan anarudi kazini na kumkuta Alex sebuleni, akizungumza vizuri na Beth, amejifanya mnunuzi wa nyumba. Hakuna aliyeshika silaha, lakini moyo unakudunda. Unamwogopa Alex, na papo hapo unamwona Dan akitabasamu kama hamjui.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba picha hii ilikuwa na mwisho mwingine. Hapo awali Alex alijiua, na kwa kuwa kisu kilikuwa na alama za vidole vya Dan, polisi wakamkamata Dan. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika. Walitaka Alex aadhibiwe. Basi sehemu ya mwisho ikapigwa upya, Beth akampiga Alex risasi bafuni. Glenn Close mwenyewe aliupinga mwisho huo, lakini ndio uliotolewa. Picha ikapendwa mno, ikateuliwa kuwania tuzo sita za Oscar. Tazameni basi: aliyeanza uongo alibaki na mke, mtoto na nyumba, na watu wakapiga makofi.

Jioni nilimsimulia shangazi ubishi wetu. Akacheka, akanitajia Darr, picha ya Kihindi ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Yash Chopra. Neno hilo maana yake ni hofu. Humo Shah Rukh Khan ni Rahul, kijana anayemwandama Kiran (Juhi Chawla), msichana mwenye mchumba wake. Anampigia simu, anamvizia, na hata baada ya harusi hakomi. Stelingi ni Sunny Deol, lakini vijana wengi walimshangilia Rahul na kuiga kigugumizi chake.

"Mwanangu," akasema shangazi, "Alex wamwita mwendawazimu, Rahul wamwita mpenzi. Kwani wote si wapiga simu?"

Nilinyamaza, maana nina langu. Muhula wa kwanza nilimpenda msichana mmoja ambaye, kama mimi, huvuka feri kwenda Likoni. Aliniambia hataki. Nami, kwa kufunzwa na picha kwamba stelingi hakati tamaa, nikamngoja ferini siku nne mfululizo. Siku ya tano alikuja kaka yake. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Ndugu yangu, dada yangu sasa hungoja mpaka nitoke kazini ndipo avuke, kwa kukuogopa wewe." Nilidhani napenda, kumbe natisha.

Si mchezo, wasomaji. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine, Mombasa ikiwemo, kupinga mauaji ya wanawake. Mara nyingi muuaji huwa mtu wa karibu: mume, mpenzi, au aliyekataliwa.

Basi ukiangalia picha ya namna hii, usimtafute mwenye kisu peke yake. Jiulize: ni nani aliyeanza kusema uongo? Ni nani aliyeambiwa "sitaki" asisikie? Na mwisho wa picha umemwacha nani bila kulipa?

Pale Mama Ngina hatukukubaliana mpaka magharibi. Lakini msichana yule siku hizi huvuka peke yake saa kumi, kama zamani. Nikimwona anapanda feri, mimi hungoja inayofuata. Nanga naitia hapa.