Dele la kahawa: tazama ndani kabla ya kutoa pesa

Ni nani katika mwambao wetu asiyeijua sauti ya vikombe vya muuza kahawa? Kabla mwenyewe hajatokeza kichochoroni, walio barazani wamekwisha kujua kwamba anakuja. Mkono mmoja vikombe, mkono wa pili dele, na chini ya dele kijiseredani chenye makaa. Kahawa yake tunaisifu au tunaikosoa. Chombo chenyewe ni wachache wanaokitazama, na nionavyo mimi hapo ndipo pesa za watu zinapopotea, na pengine afya zao pia.

Dele, au mdila kama waitavyo wengine, ni chombo chenye heshima. Waarabu wakiita dalla, na katika Umoja wa Falme za Kiarabu picha yake imepigwa chapa kwenye sarafu ya dirhamu moja. Kwa sababu ya heshima hiyo siku hizi madele mengi hutengenezwa kwa ajili ya kupamba sebule tu. Yanang'aa kama dhahabu, lakini hayakukusudiwa kuona moto. Duka moja nililoingia nilionyeshwa dele la namna hiyo, na nilipouliza kama linafaa kupikia, muuzaji akacheka, kisha akanitajia bei.

Basi, ndugu msomaji, wewe anza ndani. Fungua kifuniko ulielekeze dele kwenye mwanga. Dele la kupikia la shaba hupakwa bati ndani, nalo huonekana jeupe lenye kufifia. Bati ninalolisema si lile la kuezekea paa, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Ukiona ndani ni kwekundu au ni manjano matupu, jua kwamba kahawa itagusana na shaba. Ikilala humo usiku kucha huila shaba kidogo kidogo, na mnywaji anaweza kupatwa na kichefuchefu na kutapika. Kutu ya kijani ndiyo dalili ya wazi kabisa.

Baada ya hapo tazama maungo, yaani pale mdomo unaposhikana na tumbo, na pale kitako kilipotiwa. Hapa nakuomba usione haya kuuliza: limeungwa kwa nini? Lehemu ya risasi ni rahisi, lakini risasi ni sumu. Huudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Isitoshe, lehemu iliyochanganywa risasi na bati huweza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu za Selsiasi. Ungo lililounganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, au lililokunjwa likafuliwa kwa nyundo, huvumilia moto mkali zaidi. Muuzaji akikosa jibu, rudisha dele mahali pake uende zako.

Uzito nao una maana. Shaba nyembamba hubonyea kwa kugongwa kidogo tu, na bawaba ya kifuniko hulegea mapema. Lishike kwa mkono wake, lijaze maji, ulimimine. Dele likikusumbua dukani litakusumbua zaidi mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, wageni wamejaa ukumbini.

Likishafika nyumbani, adui yake mkubwa ni moto bila maji. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi 232, na dele tupu lililosahauliwa juu ya makaa hufika hapo upesi. Nje lisugue kwa ukwaju, litang'aa. Ndani usitie mchanga wala majivu. Suuza kwa maji na kitambaa laini, kisha ulikaushe. Siku utakapoiona shaba inachungulia ndani, mpelekee fundi alipake bati upya, na umwambie waziwazi kwamba hutaki risasi. Ni busara kumjua fundi huyo kabla hata ya kununua, kwa maana si kila mchomeleaji anaijua kazi hiyo.

Asiyetaka taabu zote hizi na achukue dele la stili isiyoshika kutu. Halihitaji bati, na tangawizi haililii. Wazee watanuna kidogo, lakini kahawa watainywa.