Kabla ya kuchagua rangi ya bafu, angalia maji yako kwanza

Watu wengi huchagua rangi ya bafu wakiwa dukani, wameshika kile kikaratasi chenye vibox vya rangi. Rangi ikipendeza pale, basi, fundi anapigiwa simu. Miezi michache baadaye ukuta una michirizi meupe, kona zimeota ukungu mweusi, na mpangaji na mwenye nyumba wanalaumiana.

Mara nyingi kosa si la fundi. Rangi haikuendana na bafu lenyewe. Kwa Dar es Salaam, hasa pembezoni kama Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju, kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela.

1. Maji yanayotoka bombani ni ya wapi?

Hili ndilo watu wanalisahau. Maji ya DAWASA, ambayo mengi yanatoka mto Ruvu, hayana chumvi kama ya visima vingi vya jijini. Kama unaoga maji ya kisima yenye chumvi, kila tone likikauka ukutani linaacha alama nyeupe. Ukipaka bluu iliyokolea, nyeusi au damu ya mzee, alama hizo zitaonekana tangu mlangoni.

Kuna visima vingine maji yake yana madini ya chuma. Ndoo na sinki vinageuka rangi ya kutu. Hapo nyeupe tupu ndiyo itakuumbua, kwa sababu kila mchirizi utaonekana.

Kwa hiyo angalia ndoo yako ya kuogea ndani. Kama imeshika utando mweupe, chagua rangi nyepesi: krimu, kijivu chepesi, samawati iliyofifia. Kama imeshika kutu, krimu inayoelekea njano au rangi ya mchanga itakusitiri kuliko nyeupe.

2. Mwanga unaingiaje?

Mabafu mengi yana kidirisha kimoja cha juu, au matofali ya matundu tu. Nyumba za jirani nazo zimebanana, mwanga unaingia kidogo.

Chumba kidogo kina tabia yake: kuta zinarudishiana rangi. Kijani uliyoiona imepoa kwenye kikaratasi itakolea ikizunguka kuta zote nne. Ndiyo maana mafundi wazoefu wanakushauri uchukue rangi iliyofifia kidogo kuliko ile uliyoipenda.

Kioo nacho usikisahau. Ukuta wa kijani kali unarudisha ukijani usoni, ukijitazama asubuhi unajiona kama mgonjwa. Krimu na pichi nyepesi zinaupa uso rangi nzuri zaidi.

Njia rahisi ya kujaribu: nunua kopo dogo, paka kipande cha boksi cha kama sentimita 30 kwa 30, ukiegemeze ukutani. Kiangalie asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Taa yenye mwanga wa njano na ile yenye mwanga mweupe hazikupi rangi moja. Subiri pia rangi ikauke, maana ikiwa mbichi inadanganya.

3. Bafu linatumiwa na nani?

Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye choo na bafu uani, watumiaji ni familia kadhaa. Wenye nyumba wengi hupaka rangi nzito ili uchafu usionekane. Lakini rangi nzito haisafishi, inaficha. Inaficha na ukungu, na inafanya bafu liwe giza kiasi kwamba mzee au mtoto haoni sakafu inapoteleza.

Dawa yake ipo na si ngeni. Ni ule mtindo wa madarasa na zahanati: chini rangi moja, juu nyingine. Kuanzia sakafuni mpaka mita 1.5 paka rangi ya mafuta iliyokolea kiasi, kwa mfano kijivu au samawati. Hiyo inaoshwa kwa sabuni na brashi. Juu yake paka krimu au nyeupe ya maji, ya aina inayong'aa kidogo na inayooshwa, hadi darini. Uchafu wa mikono na sabuni unabaki chini unapoosheka, na mwanga unabaki juu.

Kama kuna mzee ndani ya nyumba, hakikisha ukuta na sakafu havifanani rangi. Akiona vizuri ukuta unapoishia, anajua mguu unakanyaga wapi.

4. Ukuta mbichi haupakwi rangi

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Kama unyevu unapanda kutoka msingini, au tofali lilifyatuliwa kwa mchanga au maji ya chumvi, hakuna rangi itakayokaa. Itavimba, itabanduka, na unga mweupe utatokea.

Pima hivi: bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, yaani ule unaogusa ukuta, unyevu umo ukutani. Tafuta kwanza bomba linalovuja au maji yanayotuama nje. Matone yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani. Unachohitaji ni hewa zaidi.

Plasta mpya nayo iache kama siku 28 kabla ya kupaka. Saruji ambayo haijapoa inakula rangi ya mafuta. Na kama unaweza, usifanye kazi hii wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maana kila kitu kinachelewa kukauka.

Ukungu wa zamani usifunikwe na rangi. Uoshe kwa maji yenye jiki, suuza, acha ukuta ukauke kabisa, ndipo upige msasa ukiwa umefunika pua na mdomo. Ukiufunika tu, utarudi.

5. Rangi kali na watoto

Rangi za mafuta za njano kali, nyekundu na chungwa ndizo ambazo kwa miaka mingi, sehemu nyingi za dunia, zimekutwa na madini ya risasi kwa wingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa ubongo. Umoja wa Mataifa unashauri rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni.

Nunua kopo lenye alama ya TBS na maandishi kuwa halina risasi. Rangi iliyopimwa kwenye chupa ya maji iache hukohuko dukani. Kama unakwangua rangi ya zamani usiyoijua, lowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

6. Ununue kiasi gani?

Usikubali kuuziwa ndoo ya lita 20 kwa bafu moja. Tuchukue bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Ukitoa mlango, kuta zina kama mita za mraba 17. Mikono miwili ni kama mita 35. Lita moja hufunika kama mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha.

Ukifuata mtindo wa rangi mbili, lita 2 za mafuta kwa chini na lita 2 za maji kwa juu zinatosha kuta.

Kama rangi imechanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja na piga picha ile namba iliyobandikwa kwenye kopo. Siku ukitaka kuziba doa, utaonyesha simu tu, na muuzaji atakuchanganyia kwa namba ileile.